Nguo ya Milioni Moja: Niliyojifunza Nikiitamani Kamera ya Sura ya Zamani

Miezi michache iliyopita nilikuwa Mukono kwenye kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe zake. Kabla wageni hawajaketi, mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliniita pembeni. Tulikuwa tumetoka naye Busia alfajiri kwenye matatu moja, kwa hiyo tulishazoeana. Akaitazama kamera iliyoning'inia shingoni mwangu, akatikisa kichwa.

"Mwanangu," akaniambia kwa huruma kabisa, "kama pesa ya kukodi kamera mpya ilipungua, si ungetuambia? Tungechanga."

Kamera yenyewe ilikuwa Nikon Zf, ya dijitali na ya kisasa, ila imevalishwa sura ya zamani. Haikuwa yangu, rafiki yangu mmoja aliniazima kwa siku kumi. Lakini wiki ileile nilikuwa nimeulizia bei yake kwenye duka moja mjini Kampala nikatajiwa shilingi 9,300,000, tena bila lenzi. Pesa hiyo unanunua boda boda mpya na inabaki. Mzee wa watu alikuwa anaionea huruma mashine ghali kuliko vitu vyote vilivyokuwa chini ya hema lile, ukiondoa ng'ombe wa mahari.

Tangu siku hiyo nimeulizwa na vijana wengi wa kazi hii: ninunue au nisinunue? Nitaeleza nilivyopiga hesabu zangu, na kila mtu apige zake.

Nianze na kiini cha tamaa yangu. Mjomba wangu alikuwa na studio Busia, ile ya pazia lililochorwa ndege na maua, na kazi zake zote za nje alizifanya kwa Nikon FM2 aliyoinunua Nairobi. FM2 ilitoka mwaka 1982. Shata yake, kile kipazia kinachofunguka na kufunga mwanga, ni ya mitambo mitupu, inafika sehemu moja ya 4,000 ya sekunde, na betri zake mbili ndogo kama vifungo vya shati ni za kipimo cha mwanga tu. Zikifa, kamera inaendelea na kazi. Nilikua nikiisikia sauti yake. Halafu mwaka 2019 nikaenda Uganda Museum kuona maonyesho ya picha za miaka ya Amin, zile ambazo negativu zake zilikaa makabatini UBC, shirika la utangazaji la serikali, kwa miaka mingi bila mtu kuzigusa. Nikatoka pale nimelewa. Nikajiambia tatizo langu ni kamera yangu, haina roho.

Nilichosahau ni kwamba wale wapiga picha wa serikali hawakuwa wakishika kitu cha zamani. Kwao ile ndiyo ilikuwa kamera mpya ya kazi. Sura ya zamani tumeiona sisi, baadaye.

Na kampuni zinatujua vizuri. Mwaka 2010 viwanda vya kamera vilisafirisha zaidi ya kamera za dijitali milioni 120 duniani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu ndizo zilizokula soko hilo. Mtu mwenye simu nzuri mfukoni hanunui tena kamera kwa sababu anahitaji picha, ananunua kwa sababu anaitaka kamera yenyewe, kuishika na kuisikia. Fujifilm waliliona hilo mapema na kamera yao ya X100 waliyoionyesha mwaka 2010. Nikon walijaribu na Df mwaka 2013, wakaiuza dola 2,749 bila hata uwezo wa kurekodi video. Zf ikaja Septemba 2023 kwa dola 1,999.95, imechorwa kwa kuitazama FM2 ileile ya mjomba. Ukiziweka pamoja mezani utadhani ni mtu na mtoto wake. Mtoto kanenepa kidogo: gramu 710 akiwa na betri na kadi.

Sasa kwenye kazi.

Juu ya Zf kuna magurudumu matatu ya shaba yenye namba zilizochongwa: la ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), la kasi ya shata, na la kuongeza au kupunguza mwanga. Nilidhani ni mapambo. Siku ya kwanza nikagundua kwamba mawili ni karibu mapambo, na moja ni dhahabu.

Dhahabu ni lile dogo la kuongeza na kupunguza mwanga. Anayepiga picha za sherehe Uganda ataelewa mara moja. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera, kwa asili yake, hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Sasa panga mbele yake wanaume kumi na watano, kanzu nyeupe mpaka kwenye viatu, juani saa saba mchana, hapa petu tulipo karibu na ikweta. Kamera inaona weupe umejaa, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Kanzu zinakuwa za kijivu, na nyuso za watu zinazama gizani. Ndiyo maana albamu nyingi za kwanjula zina wajomba wasiojulikana ni nani. Kamera za sasa hutambua nyuso na kujitahidi kuzilinda, lakini weupe ukizidi bado zinababaika. Dawa ni kuongeza mwanga hatua moja kwa lile gurudumu, wakati mwingine moja na theluthi. Kisha dakika ileile unageukia wanawake walioketi kwenye kivuli cha hema na magauni yao ya gomesi ya zambarau iliyokolea, na hapo unatakiwa kurudi sifuri, au hata kushuka chini yake.

Kwenye kamera yangu ya zamani, Nikon D750, hilo lilikuwa ni kubonyeza kitufe huku nikizungusha gurudumu na jicho liko kwenye kitundu cha kuchungulia. Na nilikuwa nasahau kurudisha. Nimewahi kupiga nusu saa nzima ya zawadi zikiingia, picha zote zimeungua, kwa sababu kanzu za asubuhi ziliniacha kwenye moja. Kwa Zf unatazama juu ya kamera tu, hata ikiwa imezimwa, namba iko pale inakukodolea macho. Kidole gumba kinaigeuza bila kufikiri. Kwa siku kumi sikusahau hata mara moja.

Gurudumu la shata na la ISO nayo yalinirudisha kwenye somo la mjomba: "Jua kali, kumi na sita." Maana yake, jua likiwa wazi weka apacha, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, kwenye f/16 na shata iwe karibu sawa na namba ya filamu. ISO 100, shata 1/125, basi, hata kipimo huhitaji. Nilitembea Nakasero sokoni asubuhi moja nimeweka hivyo, sikugusa kitu kingine, na nikafurahi kama mtoto. Lakini ile ilikuwa asubuhi ya starehe. Siku ya kazi mwanga unabadilika kila unapopiga hatua, na ISO niliiacha ijiendeshe yenyewe. Namba nzuri zilizochongwa pale juu hazikuwa na kazi.

Halafu kuna mambo yanayokuonyesha mshono wa nguo.

FM2 apacha yake iko kwenye lenzi, unaizungusha kwa mkono wa kushoto. Lenzi za Nikon za Zf, hata ile ya 40mm iliyovalishwa kizamani kwa ajili yake, hazina pete ya apacha. Unaibadilisha kwa gurudumu la kawaida mbele ya kamera, kisha unaisoma kwenye kidirisha kidogo kama cha saa ya Casio. Ndoto inakatika hapohapo.

Mshiko wake ni bapa, kama wa FM2. Ukiwa na lenzi ndogo ya 40mm, ambayo ina gramu 170 tu, ni raha tupu. Ukifunga lenzi nzito ya sherehe, kufika saa kumi jioni mkono wa kulia unalalamika. Kampuni ya SmallRig wanauza mshiko wa kuongezea chini na mbele. Unafanya kazi vizuri, ila unaifunika ile sura uliyoilipia.

Kadi ndizo zilizoniudhi zaidi. Zf ina nafasi mbili, moja ya SD ya kawaida na nyingine ya microSD, kile kipande cha simu kidogo kuliko ukucha. Zote mbili ziko kwenye mlango wa betri, chini ya kamera. Ikiwa kwenye mguu wa kamera, lazima uifungue kwanza ndipo uifikie kadi. Kwa mtu wa harusi, kadi ya pili ni bima. Basi pale Mukono, nikibadilisha betri haraka huku MC ananiita, nikakigusa kile kipande vibaya kikaruka kwenye nyasi. Mimi na msaidizi wangu tulipiga magoti tukitafuta, wageni wakidhani tunasali. Hatukukipata. Nilikuwa na nakala kwenye SD, Mungu mkubwa.

Na kuna kiswichi kidogo chini ya gurudumu la shata, cha kuhamia picha za rangi nyeusi na nyeupe. Ni kitu kizuri mno kwa anayetembea mitaani, ukikigusa ulimwengu wote mbele ya jicho unageuka wa miaka ya 1970. Kwangu kilijisukuma chenyewe ndani ya begi. Bibi harusi akatoka na gomesi yake ya pili, ya rangi ya machungwa, nami ndani ya kitundu naona kijivu. Niligundua baada ya picha sita. Kwa kuwa nilikuwa nahifadhi faili ghafi za RAW, rangi ilikuwepo bado ndani yake. Ukipiga JPEG peke yake, picha ambayo kamera imeshaimaliza kuipika, hiyo gomesi umeizika.

Kwa upande wa uwezo sina la kulalamika. Kihisi cha megapikseli 24.5 kinatosha hata kwa picha ya ukutani. Fokasi inashika jicho gizani pale D750 ilipokuwa inahangaika. Mfumo wa kutuliza mtikisiko, ambao Nikon wanasema unafika hatua nane, uliniwezesha kupiga kwa shata ya polepole usiku bila flashi. Betri inachajiwa kwa waya wa USB-C, na umeme wetu ukikatika unatumia pawabenki, siku inaendelea. Vumbi jekundu la barabara ya murram lilijaa kwenye mitaro ya yale magurudumu, nikalitoa kwa brashi ya meno.

Lakini uwezo huo si wa Zf peke yake, na hapa ndipo hesabu yangu ilipogeuka.

Aprili 2025 Nikon walitoa Z5 II. Megapikseli 24.5 vilevile, kichakataji kilekile cha Expeed 7, fokasi ya ukoo uleule, uzito gramu 700. Ina mshiko wa kushika kweli, na nafasi mbili kamili za SD zilizo ubavuni, si chini. Ni kamera ya sura ya kawaida, ile ambayo mzee wa Busia angeiheshimu. Bei yake ya kuzinduliwa ilikuwa dola 1,699.95.

Tofauti ya bei hizo za kuzinduliwa ni dola 300. Ukichukua dola moja kuwa shilingi 3,600 hivi, unapata 1,080,000. Hiyo ndiyo bei ya nguo. Swali la "Zf ni nzuri?" nikaliacha, maana jibu nilikuwa nalo. Nikabaki na lingine: je, lile gurudumu moja la dhahabu, pamoja na furaha ya kuishika, vinanifaa shilingi milioni moja, huku nikipoteza mshiko na nafasi ya kadi?

Na milioni moja ni mwanzo tu, kwa sababu mwili wa kamera haupigi picha peke yake. Watu wengi wanaoniuliza hutazama bei ya Marekani kwenye simu, wanazidisha kwa 3,600, wanapata milioni 7.2, wanaona duka la Kampala limewaibia. Hapana. Kuna VAT ya asilimia 18 inapoingia nchini, kuna usafirishaji, kuna mwenye duka naye anayelipa kodi ya pango. Halafu wewe mwenyewe: betri ya pili, kadi mbili nzuri, na lenzi.

Kwenye lenzi nikae kidogo, maana hapa vijana wengi wanaumia. Ukiwa na lenzi za zamani za Nikon, unaweza kuzitumia kwenye hizi kamera mpya kwa adapta ya FTZ II, ambayo nayo ilipotoka ilikuwa kama dola 250. Lenzi za AF-S, zenye mota ndani yake, zinafanya kazi vizuri, fokasi inajiendesha. Lakini zile za AF-D, kama 50mm f/1.8D iliyojaa kwenye maduka ya mitumba hapa mjini, hazina mota ndani. Zilikuwa zikizungushwa na mota ya kamera, na adapta haina mota hiyo. Utazungusha kwa mkono. Nimemwona kijana mmoja akinunua kamera mpya kwa sababu "lenzi ninazo", akafika nyumbani lenzi tatu kati ya nne hazifokasi zenyewe.

Kisha nikabadilisha shilingi kuwa kazi. Kwanjula ya kawaida nalipwa 800,000. Nikitoa msaidizi, usafiri, albamu na siku mbili za kuhariri, mkononi inabaki kama 300,000. Kwa hiyo Zf ya 9,300,000 ni kwanjula 31 bila kula. Nguo peke yake ni kwanjula tatu na nusu. Nilipoiweka hivyo, ile ndoto ikaanza kutoa jasho. Nakushauri ufanye hesabu ya namna hiyo hata kama kazi yako si picha. Ukiwa mwalimu, hesabu mishahara, ukiwa na duka Kikuubo, hesabu faida ya mwezi, usihesabu mauzo.

Kuna jambo lingine ambalo sikulitarajia, nalo ni macho ya watu. Wateja wetu wengi humpima kameraman kwa ukubwa wa kamera, tusidanganyane. Ile Zf ilinigharimu heshima kwa wanaume waliolipa. Lakini kwa wazee na watoto ilikuwa kinyume. Bibi mmoja ambaye kwa kawaida hugeuza uso akiona lenzi ndefu, alicheka, akasema mumewe alikuwa na kama hiyo, akajirekebisha gomesi mwenyewe. Ile ndiyo picha bora niliyopata siku nzima. Kamera isiyotisha ina thamani yake, na sijui utaiandika kwenye safu gani ya hesabu.

Mnaouliza kuhusu nyingine: Z fc ya mwaka 2021 ina sura hiyohiyo kwa chini ya nusu ya bei, dola 959.95 ilipotoka, ila kihisi chake ni kidogo zaidi na haina mfumo wa kutuliza mtikisiko mwilini. Kwa anayeanza na hapigi harusi usiku, hiyo ndiyo ningemwambia aitazame. X100VI ya Fujifilm, ya Februari 2024, dola 1,599 ilipotoka, megapikseli 40, lenzi moja tu isiyotoka. Hiyo ina pete ya apacha ya kweli! Ni kamera ya msafiri. Ukimpelekea mama wa bibi harusi picha zote za 23mm atakuuliza kwa nini ulisimama mbali.

Na ukiamua kununua yoyote, usinunue kwa picha za simu. Nenda ukaishike dakika ishirini ukiwa umefunga lenzi utakayofanyia kazi, si ile ndogo wanayoiweka kabatini. Fungua mlango wa kadi kwa mkono mmoja. Uliza dhamana ni ya nani, ya duka au ya kampuni, na ikiharibika inapelekwa nchi gani. Kwa mitumba, uliza shata imepiga mara ngapi. D750 yangu ilijaribiwa kiwandani kwa mara 150,000, mimi nimeshapita 210,000, na ndiyo sababu ya safari hii yote.

Kama picha kwako ni mapenzi na pesa ya karo haimo humo, nunua Zf na usimsikilize mtu. Utaibeba kila siku, na kamera inayobebwa inashinda iliyo bora iliyolala kabatini.

Mimi nilichukua Z5 II, kwa mkopo wa SACCO, nikatumia lenzi zangu za AF-S na adapta. Kitu kimoja cha ziada nilichofanya ni kumwomba mjomba ile 50mm ya FM2 yake. Fokasi ni ya mkono, pete ya apacha inalia tik, tik, kama zamani. Naifunga wakati wageni wanakula, kazi ikiwa imepungua. Mjomba mwenyewe nilikuwa nimempelekea Zf aione kabla sijairudisha. Aliipenda, akazungusha kila kitu, akaiweka sikioni akapiga. Kisha akauliza, "Betri ikiisha?" Nikamwambia imekufa. Akanirudishia.

Rafiki yangu mwenye Zf ameahidi kwamba siku akiichoka, mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Nimemwomba asinitajie bei.